"Betri Imekwisha" Ina Maana Gani? Lugha na Vipengele Vinavyoathiri Umri wa Betri za Kuhifadhi Umeme Katika Eneo la Kedowa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mambo yanayofupisha au kurefusha umri wa betri zinazohifadhi umeme wa nyumbani, hususan umeme wa jua, katika eneo la Kedowa, Kaunti ya Kericho. Yanajikita katika betri ya risasi na asidi, kisha yanailinganisha na betri ya lithiamu. Hoja yetu kuu ni kwamba betri nyingi hufa kabla ya wakati wake kutokana na namna zinavyotumiwa, na kwamba baadhi ya semi tunazozitumia kuzizungumzia, kama vile "betri imekwisha" na "maji ya betri", huficha tofauti ambazo mtumiaji anapaswa kuzijua. Makala yanapendekeza namna ya kuzitenganisha maana hizo kwa maneno ambayo tayari yamo katika Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuiona sayansi kama shamba la wenzetu. Tunapoandika kuhusu istilahi, aghalabu tunajadili mbinu za kuziunda na vyombo vya kuzisanifisha, kisha tunaishia hapo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, tunaitaja kama mfano wa juhudi za kukuza lugha. Ni nadra kuuliza iwapo maneno yaliyomo yamemfikia mtu anayeyahitaji. Makala haya yanaanzia upande wa pili. Yanaanza na kifaa, yanamfuata mtumiaji wake, ndipo yarejee kwenye neno.

Kifaa chenyewe ni betri, na mahali ni Kedowa, mji mdogo ulio kwenye barabara kuu inayotoka Mau Summit kuelekea Kericho. Eneo hili liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ukingoni mwa ukanda wa majani chai. Hewa yake ni ya baridi, na katika miezi mingi ya mwaka asubuhi huwa na jua ilhali alasiri huleta mawingu na mvua, wakati mwingine mvua ya mawe. Wenyeji wengi ni Wakipsigis, lakini sokoni, kwenye magari na katika mashamba ya majani chai ambako watu wa makabila mbalimbali hukutana, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Kwa hiyo, mtu anapopeleka betri yake kwa fundi, yamkini mazungumzo yatafanyika kwa Kiswahili.

Umeme wa nyaya, ambao wenyeji huuita stima, umesambazwa kwa kasi nchini tangu mradi wa kuunganisha nyumba zilizo karibu na transfoma ulipoanza mwaka 2015. Hata hivyo, ziko nyumba ambazo nyaya hazijazifikia, na ziko zilizounganishwa lakini bado zinaweka betri kwa ajili ya siku ambazo stima hupotea. Katika nyumba hizo, betri ndiyo sehemu ya mtambo inayonunuliwa mara nyingi zaidi. Paneli ya sola iliyotengenezwa vyema hudumu zaidi ya miaka 20. Betri ya risasi yaweza kudumu miaka mitano, au ikafa kabla ya kutimiza mmoja. Tofauti ya miaka hiyo ni karo ya mtoto, mbolea ya shamba au ng'ombe wa maziwa. Ndiyo maana suala hili linastahili kushughulikiwa kwa lugha ambayo mwenye betri anaielewa.

2.0 Mawe na Betri: Tofauti ya Msingi

Katika Kiswahili cha Kenya, kile kijiti cha chuma kinachotiwa ndani ya tochi au redio huitwa jiwe: mawe ya tochi, mawe ya redio. Jiwe hilo hutoa umeme kutokana na mabadiliko ya kemikali yasiyoweza kurudishwa nyuma. Likiisha limeisha. Mtumiaji mwerevu hulitumia mpaka tone la mwisho; hulianika juani, huliminya, hulihamisha kutoka kwenye tochi hadi kwenye redio ndogo isiyohitaji nguvu nyingi. Mazoea haya hayana ubaya, kwa kuwa jiwe halina kesho ya kuharibiwa.

Betri ya kuchajiwa ni kitu tofauti. Ile ya risasi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ndani yake mna mabamba ya risasi yaliyozamishwa katika asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, na kila chumba hutoa takriban volti 2.1. Betri inapotoa umeme, mabamba yote mawili hujifunika salfeti ya risasi na asidi huzidi kuwa nyepesi. Inapochajiwa, salfeti huyeyuka, mabamba hurejea katika hali yake na asidi hurudi kuwa nzito. Safari hiyo ya kwenda na kurudi ndiyo tunayoiita mzunguko. Umri wa betri hupimwa kwa miaka, lakini pia kwa idadi ya mizunguko iliyokwisha kuifanya.

Tatizo linaanza pale mazoea ya jiwe yanapohamishiwa kwenye betri. Mwenye nyumba anaiona taa ikififia, naye anaendelea kutazama televisheni mpaka kioo kinapozima chenyewe. Kwake hii ni busara ya kutopoteza kitu. Kwa betri ya risasi, hiyo ni hatua ya kuelekea kaburini.

3.0 Vipengele Vinavyoathiri Umri wa Betri ya Risasi

3.1 Kina cha Utumiaji

Kipengele cha kwanza ni kiasi cha umeme kinachotolewa kabla ya betri kuchajiwa tena. Kadiri betri inavyokaushwa zaidi, ndivyo mabamba yanavyotanuka na kusinyaa zaidi, na ndivyo vitu vilivyoshikizwa juu yake vinavyobanduka na kuanguka chini. Betri ya sola yenye mabamba manene, ikiwa hutumiwa nusu tu kila siku, huweza kufanya mizunguko mia kadhaa na zaidi. Betri ya kuwashia gari imeundwa kwa kazi nyingine: ina mabamba membamba yanayotoa umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha gari huichaji papo hapo. Ikifanywa ya taa na televisheni na kukaushwa kila usiku, huenda isifikishe hata mizunguko mia moja. Bei yake ya chini huvutia, hasa ikiwa ni kuukuu, lakini wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Hebu tuchukue mfano wa hesabu. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea 100 kwa saa ina wati 1,200 kwa saa ikiwa imejaa. Nyumba yenye taa nne za wati 5 zinazowaka saa tano hutumia wati 100 kwa saa. Televisheni ya wati 30 kwa saa tano hutumia 150. Simu tuzipe 20. Jumla ni 270 kwa usiku mmoja, yaani karibu asilimia 22 ya betri, tukipuuza umeme unaopotea njiani. Kiasi hicho hakina madhara iwapo kesho yake kuna jua. Sasa tuchukue siku tatu za mawingu ambazo paneli haikuleta chochote: 270 mara tatu ni 810, karibu asilimia 68. Betri imevuka nusu na kuingia katika eneo la hatari. Televisheni ikizimwa siku hizo tatu, matumizi yatakuwa 360, yaani asilimia 30 tu. Taa zitawaka, simu zitachajiwa, na betri itasalimika. Katika eneo la mvua kama Kedowa, uamuzi wa kuzima televisheni siku za mawingu una thamani kuliko dawa yoyote inayouzwa kwa madai ya kufufua betri.

3.2 Kulala Njaa

Kipengele cha pili, ambacho huenda ndicho kinachoua betri nyingi zaidi vijijini, ni muda ambao betri huachwa bila chaji. Salfeti ya risasi inayojijenga juu ya mabamba huwa laini mwanzoni na huyeyuka kwa urahisi betri inapochajiwa mapema. Ikiachwa kwa majuma kadhaa, chembechembe zake hukua, hugeuka ukoko mgumu, na ukoko huo huziba sehemu ya bamba iliyopaswa kufanya kazi. Kila sehemu iliyozibwa ni uwezo uliopotea. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hali hii hutokea kwa njia nyingi za kawaida. Mwenye betri anasubiri malipo ya majani chai ndipo aipeleke sokoni ikachajiwe. Familia inasafiri na kuiacha betri ikiwa nusu. Betri imewekwa stoo kwa kuwa stima imeingia, na inakumbukwa stima inapopotea miezi mitatu baadaye. Betri ya risasi hupoteza chaji polepole hata ikiwa haijaunganishwa na kitu chochote. Kwa hiyo ile isiyotumika inapaswa kuchajiwa walau mara moja kwa mwezi. Kanuni yenyewe ni fupi: betri ya risasi isilale njaa.

3.3 Kuchaji Nusunusu na Kuchaji Kupita Kiasi

Kuipa betri umeme si sawa na kuijaza. Sehemu ya kwanza ya chaji, hadi kufikia asilimia 80 hivi, huingia upesi. Asilimia 20 zinazobaki huingia kwa uvivu na huhitaji saa nyingi, na ndizo zinazoyeyusha mabaki ya salfeti. Betri inayochukuliwa kwa fundi wa kuchaji kabla haijajaa, au inayochajiwa na paneli ndogo mno katika msimu wa mawingu, haifiki kileleni. Isitoshe, asidi iliyo nzito hutuama chini ya chumba na ile nyepesi hubaki juu, hivyo sehemu ya chini ya mabamba huliwa mapema.

Upande wa pili, betri iliyojaa ikiendelea kulazimishwa umeme huchemka, maji yake hugawanyika kuwa gesi za haidrojeni na oksijeni, na mabamba huliwa na kutu. Kwa betri ya maji ya volti 12, volti za kuchajia huwa karibu 14.4 kwenye joto la nyuzi 25, kisha zinashushwa hadi karibu 13.6 betri ikishajaa. Kazi hiyo ya kupandisha na kushusha ndiyo ya kidhibiti chaji, ambacho mafundi hukiita kontrola. Mtu anayeunganisha paneli moja kwa moja na betri ili aokoe bei ya kontrola hununua hasara. Fundi anayechaji kwa stima naye anashauriwa asizidishe umeme: kwa betri ya ampea 100 kwa saa, ampea 10 zinatosha, japo mteja atasubiri zaidi.

Hali ya anga ya Kedowa inahitaji mbinu moja zaidi. Maadamu jua hupatikana asubuhi kuliko alasiri, paneli iliyoinamishwa kidogo kuelekea mashariki, isiyofunikwa na kivuli cha mti wala cha nyumba asubuhi, hupata zaidi kuliko ile iliyowekwa bila kuzingatia upande. Televisheni na redio zikitumiwa mchana jua likiwa kali, umeme hutoka kwenye paneli na mzigo wa betri hupungua.

3.4 Maji na Asidi

Betri yenye vifuniko vya vyumba hupoteza maji inapochajiwa. Asidi haitoki, kinachopungua ni maji. Kwa hiyo kinachoongezwa sharti kiwe maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukarudi kuwa maji, usiobeba chumvi wala madini. Mabamba yasiachwe wazi, kwa sababu sehemu inayopigwa na hewa huharibika. Maji ya mtoni na ya bombani huingiza madini yanayodhuru mabamba. Maji ya mvua huonekana safi, lakini yale yaliyopitia kwenye mabati na mifereji hubeba uchafu wake.

Kosa kubwa zaidi ni kuongeza asidi. Betri iliyodhoofika ikitiwa asidi huonyesha uhai kwa siku chache, mwenye betri akafurahi na fundi akasifiwa. Lakini asidi iliyozidi huyala mabamba. Mchelea mwana kulia hulia yeye: nguvu ya leo imenunuliwa kwa umri wa kesho.

3.5 Joto

Kanuni inayojulikana ni kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10 hivi juu ya nyuzi 25, umri wa betri ya risasi hupungua kwa takriban nusu. Hapa mkaazi wa Kedowa ana bahati ambayo mwenzake wa Lodwar au Garissa hana. Nyanda za Kericho, zenye wastani wa joto usiofika nyuzi 20, ni mahali pazuri kwa betri kuishi. Bahati hiyo hupotezwa betri inapowekwa karibu na meko au juu ya dari chini ya mabati. Kuiweka karibu na moto kuna hatari nyingine: gesi ya haidrojeni inayotoka wakati wa kuchaji huweza kulipuka. Mahali pafaapo ni penye kivuli na hewa ya kutosha, mbali na watoto.

Baridi nayo ina gharama yake. Uwezo wa betri hupungua kidogo, na volti za kuchajia zinapaswa kupandishwa: kwa nyuzi 15, betri ya volti 12 huhitaji volti 0.2 hadi 0.3 zaidi kuliko kwa nyuzi 25. Kontrola isiyopima joto haitafanya hivyo, nayo betri itabaki na njaa ndogo kila siku. Ama ile imani kwamba sakafu ya saruji hunyonya chaji, ilikuwa na msingi enzi za betri zenye makasha ya mbao. Makasha ya plastiki ya leo hayana tatizo hilo.

3.6 Uungaji na Uchanganyaji

Vipengele vya mwisho tutavitaja kwa ufupi. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri huzuia umeme kuingia. Usafishwe na vichwa vipakwe grisi. Nyaya nyembamba na ndefu hupoteza volti njiani. Betri mpya isiunganishwe na kuukuu, kwa kuwa ile dhaifu huivuta nzima mpaka zote mbili zikalingana kwa udhaifu.

4.0 Betri ya Lithiamu: Kanuni Zinapobadilika

Betri ya lithiamu iliingia sokoni mwaka 1991 kupitia kampuni ya Sony, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walituzwa Nobeli ya Kemia kwa mchango wao katika kuibuni. Leo imo katika simu, katika taa ndogo za sola, katika pikipiki za umeme na katika mitambo mingi mipya ya nyumbani. Aina inayotumika sana kuhifadhi umeme wa nyumbani, ya lithiamu, chuma na fosfeti, huweza kufanya mizunguko 2,000 na zaidi hata ikitumiwa asilimia 80 kila mara.

Jambo linalomhusu mwanafunzi wa lugha ni kwamba kanuni ya kulala njaa haihamishiki nzima nzima. Betri ya lithiamu haina salfeti. Kinachoizeesha zaidi ni joto, kukaa muda mrefu ikiwa imejaa pomoni, na kukaushwa kabisa. Ikiwekwa stoo, hupendelea kuwa na chaji ya karibu nusu, ilhali ya risasi hutaka kuwekwa ikiwa imejaa. Ndani yake huwa na saketi ya ulinzi inayoizima kabla haijakauka mno. Mtumiaji akiona imezima, asiifungue wala kuipita saketi hiyo kwa waya, kwani betri ya lithiamu iliyojeruhiwa huweza kushika moto. Ushauri wa jumla unaosema "chaji betri mpaka ijae" au "usijaze betri" hauna maana mpaka tuseme ni betri ya aina gani. Jina moja, betri, limebeba vitu viwili vyenye tabia zinazokinzana.

5.0 Semi Zinazoficha Maarifa

Tumefika sasa kwenye uwanja wetu. Semi tatu zinastahili kuchunguzwa.

Ya kwanza ni "betri imekwisha", pamoja na mwenzake "betri imekufa". Usemi huu una maana mbili: chaji imemalizika, au betri yenyewe imechakaa. Kwa jiwe la tochi maana hizo mbili ni moja, na hapo ndipo usemi ulipopata nguvu. Kwa betri ya kuchajiwa ni hali mbili zisizofanana. Mteja anayesema "imekwisha" huku akimaanisha haina chaji anaweza kuuziwa betri mpya asiyoihitaji. Anayemaanisha imechakaa anaweza kurudishiwa betri iliyochajiwa, akalipa, na usiku huohuo akabaki gizani. Tunapendekeza semi mbili: "betri imeishiwa chaji" na "betri imechakaa". Kitenzi kuishiwa, kwa kauli yake ya kutendewa, humwonyesha msikilizaji kwamba mwenye kuishiwa angali yupo. Aliyeishiwa pesa hajafa.

Tofauti hiyo inaweza kupimwa. Betri ya risasi ichajiwe mpaka ijae, ipumzishwe saa kadhaa bila kuunganishwa na kitu, kisha ipimwe. Ikisoma volti 12.6 au zaidi na taa zikawaka saa zilizotarajiwa, ilikuwa imeishiwa chaji tu. Ikisoma vizuri lakini ikashuka mara baada ya taa kuwashwa, imechakaa. Ikisoma karibu 10.5, huenda chumba kimoja kimekufa, maana 12.6 ukitoa 2.1 ni 10.5. Volti 12.2 zina maana ya nusu hivi. Mtu mwenye kipimo cha bei ndogo na tarakimu hizi chache hahitaji kukisia.

Usemi wa pili ni "maji ya betri". Dukani usemi huu huweza kutaja maji yaliyokenekwa na pia asidi. Tumekwisha kuona kwamba kukosea hapa kunaua betri; vilevile kunaweza kumpofusha mtu au kuyaunguza mikono yake. Kiswahili kina neno asidi na kina kitenzi kukeneka. Neno la kwanza linajulikana sokoni. La pili limebaki katika vitabu vya kemia. Kazi ya mtaalamu wa lugha ni kulivusha la pili. Hata pasipo kukeneka, lebo inayosema "asidi: usiongeze" na nyingine inayosema "maji safi ya kuongezea" ingetosha.

Usemi wa tatu ni "betri imejaa". Taa ya kijani ikiwaka, au fundi akisema imejaa, hudhaniwa kazi imekwisha. Tumeona kwamba betri iliyofika asilimia 80 na ile iliyofika 100 zina mustakabali tofauti. Tunapendekeza kutofautisha "imepata chaji" na "imeshiba". Sitiari ya chakula tayari imezoeleka: betri hula chaji, hulala njaa, hushiba. Hatuna sababu ya kuidharau kwa kuwa si ya kitaalamu. Ikitumiwa kwa uangalifu inafundisha: ya risasi ilale imeshiba, ya lithiamu isivimbiwe.

6.0 Mwisho wa Betri

Betri iliyochakaa haijamaliza kuwahusu watu. Risasi iliyomo ni sumu, na watoto ndio inaowadhuru zaidi, hasa ubongo. Mfano usiosahaulika nchini ni wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kuanzia mwaka 2007 hadi 2014 na kuwaachia wakaazi madhara ya risasi. Phyllis Omido, aliyeongoza harakati za wakaazi hao, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikaurejesha mwezi Desemba 2024.

Kedowa iko mbali na Mombasa, lakini betri inayokufa mapema Kedowa huishia mahali fulani. Kila betri inayodumu miaka minne badala ya mmoja hupunguza tatu katika rundo linalongoja kuyeyushwa. Iliyochakaa isivunjwe nyumbani wala asidi yake isimwagwe shambani au karibu na kijito. Irudishwe kwa muuzaji anayepokea kuukuu, ikiwa nzima na imesimama wima.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba umri wa betri ya risasi hutegemea kina cha utumiaji, muda inaoachwa bila chaji, ukamilifu wa chaji, maji, joto na uungaji wake, na kwamba betri ya lithiamu ina kanuni zake. Mengi kati ya hayo yamo mikononi mwa mtumiaji na hayamgharimu pesa nyingi. Yanachohitaji ni maarifa, na maarifa hayo mara nyingi huja yakiwa yamechapishwa kwa Kiingereza kwa maandishi madogo ubavuni mwa kasha, au hayaji kabisa.

Tangu mwaka 2010 Katiba ya Kenya imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hadhi hiyo itapata maana pale karatasi ya maelekezo ya betri itakapoandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka na mchuma majani chai. Tunatoa rai kwa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vichague kifaa kimoja kila mwaka, viwasikilize wanaokitumia na wanaokitengeneza, vishirikiane na wenzetu wa fizikia na uhandisi, kisha vitoe kijikaratasi cha ukurasa mmoja kinachoweza kubandikwa ukutani kwa fundi. Cha betri kingeweza kuwa na mistari mitano: usiikaushe, isilale njaa, iache ishibe, ongeza maji wala si asidi, ukichoka nayo irudishe. Kitunze kikutunze.